Mtumishi akikupa agizo lisiloendana na Maandiko, fanya hivi

Juzi dada mmoja anayeuza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kanifuata analia, mtumishi kamwambia Bwana anataka mtaji wake wote, laki nane, sadaka ya kujimaliza, na iwe imefika kabla ya Jumapili. Na mstari kapewa, yule mjane wa Marko 12 aliyetoa senti mbili.

Ukipata agizo la hivi usibishane na usikimbilie kutoa. Uliza ni kitabu gani sura gani, af soma sura nzima. Sisi tulisoma palepale kwenye meza ya dagaa, tukapanda juu kidogo tu, aya ya 40, tukamkuta Yesu anawasema wanaokula nyumba za wajane! Na yule mjane hakuna aliyemwamuru, Yesu alikuwa amekaa anaangalia tu.

Alafu angalia hilo agizo linavunja amri gani nyingine. Hela ile ndo inamlisha mama yake mgonjwa kule Sengerema, sasa fungua Marko 7:9-13, Yesu anawakemea waliosema mali ni Korbani, yaani imeshatolewa kwa Mungu, ili mzazi asisaidiwe. Dawa nazo vilevile, ukiambiwa acha dawa uoneshe imani, mfalme Hezekia akiwa mgonjwa alishaahidiwa na Mungu miaka 15 zaidi ya kuishi na bado jipu lake likawekewa tini, Isaya 38.

"Malaika kaniambia" haitoshi jamani. 1 Wafalme 13, mtu wa Mungu kutoka Yuda alikatazwa kula na kunywa kule Betheli, nabii mzee akamdanganya kwamba malaika kasema, akala, simba akamuua njiani. Inaniuma kila nikiisoma, maana aliyekufa ni aliyedanganywa.

Ila usikatae kila jipya pia. Matendo 10, Petro kwenye ono aliambiwa chinja ule wanyama ambao Walawi 11 imekataza, akagoma, ono likaja mara 3, akabaki anajiuliza mpaka alipofika kwa Kornelio, askari wa Kirumi asiye Myahudi, ndo akaelewa habari ni watu, asimwite mtu yeyote najisi. Na alienda na ndugu 6, kwa hiyo na wewe beba watu wanaosoma Biblia, wasiokula kwa huyo mtumishi. Ukiambiwa usimwambie mtu, simama hapohapo. Hata Paulo, Waberoya, watu wa mji wa Beroya, waliyachunguza mahubiri yake kwa Maandiko na wakasifiwa, Matendo 17:11.

Dada yule Jumapili alitoa sadaka yake ya kawaida, Jumatatu alfajiri nikamkuta mwaloni anapimiwa dagaa.