Kondoo wakitupa mimba baada ya mafuriko

Maji ya mafuriko yanapoanza kupungua, wafugaji wengi huhesabu mifugo iliyosombwa na kusahau kuichunguza iliyobaki. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo unaoambukiza pia watu, na uliolipuka Garissa nchini Kenya na maeneo jirani baada ya mvua za El Niño za 1997 na tena mwishoni mwa 2006, huenezwa na mbu ambao mayai yao, yakiwa tayari na virusi, huweza kukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka yakisubiri madimbwi ili yaanguliwe.

Dalili ya mapema huonekana zizini kabla ya kuonekana kwa watu: kondoo na mbuzi wengi hutupa mimba kwa mpigo, na wana-kondoo wachanga hufa ndani ya siku chache. Ukiona hivyo, usishike kondo la nyuma wala kijusi kwa mikono mitupu, na usimchinje mnyama aliyezubaa ili kuokoa hasara (kishawishi hiki, nakiri, ni kikubwa njaa inapobisha hodi), kwa kuwa watu huambukizwa zaidi kwa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, wakati wa kuchinja na kuchuna, kuliko kwa kuumwa na mbu. Mwite afisa mifugo kwanza. Maziwa yachemshwe hadi yafoke, hata ya mbuzi anayeonekana mzima. Anayepata homa na maumivu ya misuli siku 2 hadi 6 baadaye amweleze tabibu wa zahanati kwamba alishika mnyama mgonjwa, maana bila habari hiyo huenda akatibiwa malaria tu.