Kuiandaa pikipiki ya cc 150 kwa safari ndefu (Dar mpaka Tukuyu), hatua kwa hatua

Wakuu habari za muda huu. Juzi kati shemeji yangu kanijia na pikipiki yake ya cc 150, hizi hizi za bodaboda, anasema mwezi huu anapanda nayo nyumbani Tukuyu. Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830, halafu weka na sabini hivi za kushuka Tukuyu. Mimi hiyo njia nimeipiga mara nne kwa pikipiki ya aina hiyo, basi tukakaa naye Jumamosi mbili uani kwangu tukaiandaa, na maswali aliyoniuliza ndo yamenifanya niandike hapa.

Najua kuna watakaosema nunua pikipiki kubwa ya safari. Sawa, ila spea za cc 150 unazipata mpaka kwenye kibanda cha Ruaha Mbuyuni, hiyo kubwa ikikufia hapo unalala unasubiri kifurushi kitoke Dar na basi.

Hatua ya 1: Sevisi

Oili mpya, plagi, fita ya hewa, brekishuu. Hii kila mtu anaijua. Ila cheni na sproketi zake mbili badilisha kwa pamoja kama seti, usiweke cheni mpya kwenye sproketi iliyochongoka meno. Na ukishapakia mzigo, kaa juu, mwambie mtu aishike cheni kwa chini aone kama bado ina ulegevu, ikikaza kama uzi wa gitaa ilegeze kidogo maana kwenye mashimo itakula bearing.

Hatua ya 2: Keria na mizigo

Fundi wa kuchomelea atakwambia tuchomelee keria moja kwa moja kwenye fremu, ndo imara. Mkatalie. Keria ya safari inafungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyopo, nati ziwe zile zenye nailoni ndani, maana ikipasuka kwa mtikisiko unaifungua na kuipeleka kwa fundi yeyote njiani, fremu ikipasuka umekwisha. Na kama kuna kitu lazima kichomelewe kikiwa juu ya pikipiki, chomoa betri kwanza, hasa ule waya wa hasi, na CDI (kile kiboksi kinachoamrisha moto wa plagi) ukiweza ichomoe pia. Nimeona CDI imekufa kwa uvivu huo na mtu anamlaumu muuza spea.

Kuhusu masanduku: mimi sipendi sanduku la chuma la nyuma, na sitalipenda. Safari yangu ya pili nilikuwa narudi Dar na kilo 25 za mchele wa Kyela nimeuweka nyuma kabisa kwenye sanduku, nyuma ya ekseli ya tairi. Nimevuka Mafinga, barabara nzuri, nafika themanini usukani ukaanza kucheza wenyewe kushoto kulia. Ukipunguza mwendo unatulia, ukiongeza unaanza tena. Nilihangaika na bearing za usukani, nikakagua spoki, kumbe ni mchele tu. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli unalinyanyua tairi la mbele, na mlima Kitonga, ule wa kona kona kabla ya Iringa, ukiupanda nao ndo kabisa usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli.

Kwa hiyo mabegi mawili ya turubai, yale yanayoning'inia ubavuni, yakae chini na yasogee mbele karibu na mapaja ya abiria. Vizito viende chini, na pande zote zilingane uzito, shika begi moja moja kwa mkono utajua. Upande wa ekzosi weka kibati kati ya bomba na begi, la sivyo utasikia harufu ya turubai kabla hujafika Chalinze. Nyuma juu ya keria weka nguo tu. Kufungia tumia mipira ya tyubu, ile inayokatwa kwa mafundi tairi, hizi za rangi rangi zenye ndoano ikichomoka ndoano moja inaingia kwenye spoki.

Hatua ya 3: Siti

Ongeza sponji ngumu, sio laini. Laini inakufurahisha mpaka Morogoro, baada ya hapo umekalia bati.

Hatua ya 4: Umeme (taa za ziada na chaja ya simu)

Hapa ndo pamenipotezea Jumapili nzima mwaka ule, kwa hiyo nivumilieni.

Unahitaji: taa mbili ndogo za LED, rilei mbili za pini nne, moja ya taa na moja ya chaja (rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), fyuzi na kishikio chake, swichi, chaja ya USB isiyoingiza maji, waya wa mm 1.5 na testa. Testa nunua, ya bei rahisi inatosha, usikubali fundi anaepima umeme kwa kugusisha waya aone cheche.

Rilei inafungwa hivi: pini 30 inatoka chanya ya betri kupitia fyuzi, pini 87 inakwenda kwenye taa, pini 85 inakwenda hasi, na pini 86 ndo inapokea umeme mdogo wa swichi unaoiamrisha iwake. Rahisi. Mimi nilifunga hivyo hivyo, na ule waya wa 86 nikautoa kwenye waya wa taa kubwa, akili yangu ikiniambia taa kubwa ikiwaka na hizi ziwake. Nikawasha injini. Rilei ikaanza kulia trrrrrr kama nzi aliyenasa kwenye chupa na taa zinapepesa. Nikabadilisha rilei, ileile. Nikabadilisha swichi, nikabadilisha na taa, nikafungua waya zote nikafunga upya, jua likazama.

Kumbe pikipiki nyingi ndogo, hasa za miaka ya nyuma, taa kubwa haili betri. Inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, na ule ni AC, unabadilika mbele nyuma, wakati rilei na LED zinataka DC ya betri. Jinsi ya kujua yako ni ipi: nenda gizani, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa kubwa isipowaka kabisa, halafu injini ikiwaka inakuwa hafifu ukiwa sailensa na inang'aa ukivuta mafuta, hiyo ni AC, usiiguse. Angalizo: baadhi ya pikipiki taa inakuwa na swichi inayosubiri injini lakini bado ni DC, kwa hiyo usiishie kwenye macho, pima na testa. Angalizo lingine: kwenye nyingine hata taa ndogo ya nyuma iko kwenye laini hiyo hiyo ya AC, watu wengi wanakimbilia hapo wanarudi na tatizo lile lile.

Chukua umeme wa 86 kwenye waya wa honi au wa indiketa, ule unaokuwa na moto muda wote ufunguo ukiwa umefunguliwa. Weka testa kwenye DC 20, mdomo mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu gusa waya mmoja mmoja: ufunguo ukifungwa isome sifuri, ukifunguliwa bila injini isome kama 12. Huo ndo wako. Swichi ya taa ikae hapo katikati, kati ya waya huo na pini 86.

Fyuzi ikae jirani na betri, isizidi shubiri moja. Taa mbili za wati 20 ni wati 40, gawa kwa 12 unapata ampia 3 na kitu, fyuzi ya ampia 7.5 inatosha. Usiweke ya 20 eti isiungue ungue. Waya wa hasi urudishe mpaka kwenye betri, usiufunge kwenye bolti yenye rangi na kutu ukaita ethi. Waya zinazopita kwenye shingo ya usukani zipe nafasi, zungusha usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, ziwe hazivutwi wala hazibanwi, wangu ulisagika pale taratibu na ukapiga shoti usiku wa mvua.

Chaja ya USB nayo ipitishe kwenye rilei hiyo hiyo? Hapana, maana ukizima taa na simu inaacha kuchaji. Mimi niliunga moja kwa moja kwenye betri, hizi zenye kisaa cha volti, nikaiacha pikipiki Tukuyu siku tisa. Narudi, selfu haikohoi, nikapiga kiki mpaka jasho. Nilipopima nikakuta kile kisaa kinakula milliampia 30 muda wote, ambayo kwa masaa 24 ni kama Ah (ampia-saa) 0.7, na betri yangu ni ya Ah 5, piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo chaja iwe na rilei yake ya pili, 86 yake moja kwa moja kwenye ule waya wa ufunguo. Elfu kadhaa tu.

Mwisho washa kila kitu, vuta mafuta kidogo kama uko mwendo wa safari, pima betri. Ikisoma juu ya 13 koili inamudu. Ikikaa kwenye 12 na inashuka, umezidisha taa, toa moja. Na zielekeze chini bwana, usimpofushe dereva wa lori kwenye kona za Kitonga.

Hatua ya 5: Vya njiani

Tyubu mbili mpya, ya mbele na ya nyuma, vipande vya kufungulia tairi, pampu ya mkono, spana ya ekseli (watu wanasahau hii), plagi, kebo ya klachi, kiungio cha cheni. Kebo ya klachi mpya ipitishe kabisa pembeni ya ile ya zamani na uifunge kwa tai za plastiki, ikikatika unahamisha ncha tu.

Petroli: mimi nikipakia napata kama km 40 kwa lita, ila sisubiri rizevu. Pale Mikumi barabara inakata hifadhi karibu kilomita 50 na tembo wanavuka, sio mahali pa kusimama kuhangaika na kidumu, wala pa kupita usiku.

Hatua ya 6: Jaribio

Pakia kila kitu, nenda Chalinze na urudi. Ukifika nyumbani pita kila nati na spana. Shemeji alikuta mbili za keria zimelegea.

Kaondoka Alhamisi saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni ya Kibaha, kalala Iringa. Ijumaa mchana kanipigia yuko Makambako, mvua na baridi, meno yanagongana, ananiuliza koti la mvua tuliliweka wapi. Chini kabisa ya begi la kulia. Hilo tulikosea wote wawili, nyie liwekeni juu.