Una Digrii ya Nyumbani na Unataka Unesi Marekani: Anza na Transkripti, Fomu Baadaye

Nilifundisha jiografia sekondari miaka minne kabla ya kuhamia Minnesota. Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, katika nyumba ya wazee: kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kuwalisha. Karibu kila Mswahili niliyekutana naye aliniambia, "Dada, ukitaka unesi anza upya, ile shule ya nyumbani haihesabiki huku." Niliamini, na miaka miwili ikapita. Leo ni nesi aliyesajiliwa katika wadi ya upasuaji, na ndugu wanaponiuliza waanzie wapi, nawaambia digrii yao inahesabika. Lakini lazima ijulikane inahesabika kiasi gani kabla hujalipa hata dola moja ya maombi.

Hatua ya 1: Pata tathmini ya vyeti vyako

Vyuo vya hapa havisomi transkripti ya Dar es Salaam au Nairobi moja kwa moja. Vinataka ripoti ya shirika la tathmini, kama WES au ECE. Kabla ya kulipa, uliza chuo unachokitaka kinapokea shirika lipi. Kisha agiza tathmini ya kozi kwa kozi. Ile ya jumla ni nafuu, lakini inasema tu kwamba una shahada. Haionyeshi krediti (uzito wa kila kozi) wala alama za kila somo, na ofisi ya udahili wa unesi inataka hizo hasa.

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Mara nyingi transkripti inatakiwa itoke chuoni moja kwa moja, katika bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri au kwa njia ya mtandao, siyo nakala uliyokuja nayo kwenye begi. Yangu ilikaa miezi minne mpaka shangazi alipokwenda mwenyewe kusimama dirishani. Mtafute mtu wa kwenda. Mwombe achukue pia maelezo ya kozi ulizosoma, yaani silabasi. Kozi ya takwimu au saikolojia ikiwa na silabasi mkononi ina nafasi kubwa zaidi ya kukubaliwa.

Hatua ya 2: Chagua njia kwa kupiga hesabu ya nyumba yako

Njia ni kadhaa na zote zinaishia kwenye mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN. Ya kwanza ni ADN, yaani diploma ya unesi ya komyuniti koleji, kama miaka miwili baada ya kumaliza masomo ya awali. Ya pili ni kuhamishia krediti zako kwenye BSN, yaani shahada ya kwanza ya unesi, ya kawaida. Ya tatu ni BSN ya haraka kwa wenye shahada nyingine, ambayo vyuo huiandika ABSN. Hiyo huchukua kati ya miezi 11 na 18. Vipo pia vyuo vinavyompokea mwenye shahada moja kwa moja kwenye uzamili.

ABSN inavutia kwa sababu ni fupi. Lakini ufupi wake unatokana na kukosa likizo: darasa, maabara na mafunzo ya wadini wiki nzima. Mama mwenye watoto wadogo na zamu za usiku hataiweza bila mtu mwingine wa kulipa kodi ya nyumba. Kwake yeye naona ADN ni bora, halafu amalizie BSN akiwa kazini, tena waajiri wengi huchangia ada.

Sasa jambo ambalo watu huambiwa wakiwa wamechelewa. Ruzuku ya serikali iitwayo Pell haitolewi kwa mtu mwenye shahada ya kwanza, hata kama aliipata nje ya Marekani. Nimeona watu wakishauriwa "usiitaje digrii ya nyumbani" ili waipate. Usifanye hivyo. FAFSA, yaani fomu ya kuombea msaada wa ada wa serikali, unaisaini kwamba uliyoyasema ni kweli, na uongo ndani yake ni kosa la jinai. Utabaki na mikopo ya serikali, ambayo kwa mwanafunzi anayejitegemea wa ngazi ya shahada ya kwanza ina kikomo cha jumla cha dola 57,500. Ukiwa na grini kadi au uraia, angalia pia Nurse Corps Scholarship: inalipa ada na kukupa posho, nawe unafanya kazi angalau miaka miwili mahali penye upungufu wa wauguzi.

Hatua ya 3: Masomo ya awali

Chuo kikisema digrii yako imekuondolea masomo ya jumla, bado utadaiwa sayansi: Anatomia na Fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, na Maikrobiolojia, zote zikiwa na maabara. Vyuo vingi huongeza Kemia, Takwimu, Saikolojia ya Ukuaji na Lishe. Chukua karatasi, andika vyuo vitano upande mmoja na masomo juu, ujaze kimoja kimoja. Utashangaa vinavyotofautiana. Angalia na umri wa kozi, maana vyuo vingi havikubali sayansi iliyosomwa zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita. Angalia pia kama krediti ni za muhula au za robo mwaka, kwa kuwa krediti moja ya muhula ni sawa na moja na nusu ya robo mwaka.

Soma sayansi hizi komyuniti koleji, ni nafuu. Na tafadhali, usibebe Anatomia na Maikrobiolojia pamoja huku unafanya zamu mbili mbili. Alama hizi ndizo zinazopimwa kuliko zote. Alama mbaya haifutiki kwa kuhamia chuo kingine, kwa sababu kila chuo ulichowahi kusoma lazima ukitaje.

Kama unahama kutoka programu nyingine ya unesi, jiandae kisaikolojia: kozi zenyewe za uuguzi mara chache huvuka nawe. Omba barua kwamba uliondoka ukiwa na hadhi nzuri.

Hatua ya 4: TEAS

Vyuo vingi vinataka mtihani huu wa kuingilia unesi. Vingine vinataka HESI A2. TEAS ina maswali 170 kwa dakika 209, katika sehemu nne: kusoma, hesabu, sayansi, na matumizi ya Kiingereza. Ufanye baada ya kumaliza Anatomia, kichwa kikiwa bado cha moto.

Hatua ya 5: Kagua chuo chenyewe

Programu lazima iwe imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo, na iwe na ithibati ya chombo cha kitaifa cha kukagua programu za unesi, kama CCNE au ACEN. Hakikisha kwenye tovuti za vyombo hivyo vyenyewe. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza diploma bandia za uuguzi zaidi ya 7,600 kutoka shule za Florida. Mtu akikuambia kwamba utapata cheti bila kukanyaga wadini, ondoka.

Hatua ya 6: Fomu, insha na wadhamini

Vyuo vingi hutumia NursingCAS, mfumo wa maombi wa mtandaoni, ambako unajaza mara moja na kutuma kwingi. Kuingiza kozi zote ni kazi ya siku kadhaa, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho.

Insha usiianze na "tangu utotoni nilipenda kusaidia watu". Wasomaji wameshaisoma mara elfu. Mimi niliandika kuhusu mzee mmoja aliyekataa kula mpaka nilipogundua meno yake ya bandia yalikuwa yanamuumiza, na nesi alivyonionyesha la kufanya. Eleza ulichokiona na ulichojifunza, pamoja na kwa nini unaacha taaluma yako ya kwanza. Usitaje jina wala chumba cha mgonjwa. HIPAA, sheria ya kulinda siri za wagonjwa, inakubana hata kwenye insha.

Barua ya kukupendekeza kutoka kwa mchungaji au shehe kwa kawaida haitoshi. Wanataka mwalimu wa sayansi na msimamizi wako wa kazi. Tunaona haya kuwasogelea walimu, nalijua hilo. Nenda ofisini kwa mwalimu wako wiki ya pili ya muhula, uliza swali la somo, ili siku ya kuomba barua awe anakufahamu.

Hatua ya 7: Karatasi za afya

Ukishakubaliwa, utadaiwa ukaguzi wa rekodi za polisi, kipimo cha dawa za kulevya, cheti cha BLS (mafunzo ya kuokoa maisha ya dharura), na chanjo. Kadi ya kliniki ya utotoni ikiwa imepotea, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha una kinga ya surua, tetekuwanga na homa ya ini aina ya B. Kuhusu kifua kikuu, wengi wetu tulichanjwa BCG, lile kovu la begani. Chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe hata kama huna maambukizi, ukaishia kutumwa eksirei huku darasa linaanza. Omba kipimo cha damu cha TB tangu mwanzo, kwa sababu BCG haikivurugi.