Ubuntu ikigoma katikati ya usakinishaji

Usikimbilie kuanza upya. Flashi ileile kwenye mashine ileile kwa kawaida itagoma palepale. Ikigoma mahali tofauti kila mara, shuku RAM kabla ya kitu kingine.

Angalia kwanza imegomea wapi. Ikigoma wakati wa kunakili faili, mara nyingi na ujumbe `[Errno 5] Input/output error`, maana yake mashine imeshindwa kusoma au kuandika data. Usizime. Bonyeza Ctrl+Alt+T kufungua terminal (dirisha la kuandikia amri), kisha andika:

`lsblk`
`sudo dmesg | tail -n 50`

Amri ya kwanza inakuonyesha ipi ni flashi na ipi ni diski ya ndani, maana zote mbili zinaweza kuitwa `sda` au `sdb` kutegemea mashine. Ya pili ndiyo inayotaja mkosaji. Ukiona `SQUASHFS error`, kilichoshindikana ni kusoma flashi: ama flashi ni mbovu, ama faili la ISO (faili la usakinishaji ulilopakua) limeharibika, ama RAM inachafua data njiani. Ukiona `I/O error` pamoja na jina la diski ya ndani, ruka hadi sehemu ya kukagua diski hapa chini.

Anza na ISO, kwa sababu kuikagua ni bure. Ya Ubuntu 24.04 ina takriban GB 6, na bando likikatika njiani unaweza kubaki na faili pungufu ambalo kwa macho halina kasoro. Kwenye Linux tumia `sha256sum ubuntu.iso`, kwenye Windows, `certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256` (weka jina halisi la faili lako). Jibu ni mfululizo wa herufi na tarakimu unaotambulisha faili; ulinganishe na ulio kwenye faili la SHA256SUMS mahali ulipopakulia. Herufi moja ikitofautiana, pakua tena.

ISO ikiwa sawa, igeukie flashi. Inatakiwa ya GB 8 au zaidi, lakini za kweli: kuna flashi feki zinazojitangaza GB 64 huku chipu ndani ni ya GB 4. Zinapokea data bila kulalamika, kisha kilichozidi uwezo wake hupotea. `sudo f3probe --destructive /dev/sdX` huzifichua, ila inaweza kuharibu data yote iliyomo, kwa hiyo hakikisha X ni herufi ya flashi yenyewe. Ukiiandika upya kwa Rufus (programu ya Windows ya kuweka ISO kwenye flashi) na bado inagoma, chagua hali ya DD, inayonakili ISO jinsi ilivyo.

RAM ipime kwa Memtest86+, toleo la 6 au jipya zaidi kama mashine ni ya UEFI (mfumo wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS). Iache imalize angalau mzunguko mmoja mzima. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Chomoa vijiti, upime kimoja kimoja.

Diski ya SATA ikague kwa `sudo smartctl -a /dev/sda` (pakiti ni smartmontools). Kwenye jedwali litakalotokea, tazama safu ya RAW_VALUE: namba 5 na 197 (sekta mbovu za diski) zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka, diski inakufa: nakili data zako, tafuta nyingine. Namba 199 (makosa ya kupitisha data kwenye kebo) ikipanda, badilisha kebo kwanza. Ni rahisi kuliko diski.

Skrini ikiganda au ikiwa nyeusi, mara nyingi ni kadi ya picha. Kwenye menyu ya GRUB (inayotokea unapowasha kwa flashi) bonyeza `e`, ongeza `nomodeset` kwenye mstari unaoanza na `linux`, kisha F10. Ikigoma inapopakua masasisho, kata intaneti usakinishe bila mtandao.

Ikifika mwisho kabisa ndipo ikasema `grub-install` (hatua ya kuweka programu ya kuwashia Ubuntu) imeshindwa, flashi yako haina kosa. Andika `ls /sys/firmware/efi`. Folda isipokuwepo, umewasha kwa hali ya zamani ya BIOS: rudi kwenye menyu ya kuwashia, chagua jina la flashi lenye neno UEFI mbele yake, na hakikisha diski ina patisheni ya EFI ya FAT32, MB 512 zinatosha. Ukilazimika kubaki na hali ya zamani kwenye diski ya GPT (mpangilio mpya wa patisheni), tenga patisheni ya MB 1 yenye alama ya `bios_grub`, bila kuiformati.