Kuchagua karatasi ya barua kwa kalamu ya wino: hatua kwa hatua

Mwezi wa kwanza mpwa wangu alinijia na ombi. Mshenga ameshapatikana, siku imeshapangwa, na barua ya posa anataka iandikwe kwa mkono, kwa kalamu ya wino, si kwa biki wala kompyuta. "Mjomba, wazee wa kule watapokezana hii barua. Nataka waone tumejishughulisha." Alikuwa ameshika karatasi tano nene za rangi ya maziwa, na kwa bei aliyolipa angepata rimu nzima ya karatasi za fotokopi. Nikajaza kalamu, nikaandika "Wazee wetu waheshimiwa", na kabla sijamaliza neno la tatu herufi zilikuwa zimeota mizizi. Karatasi ilikuwa ya gramu 160.

Mwongozo huu ni yale niliyomweleza siku ile na siku mbili zilizofuata. Unamfaa yeyote anayeandika barua inayostahili kutunzwa, iwe ya posa, ya rambirambi au ya rafiki aliye mbali.

Kwanza, achana na gramu

Gramu inayoandikwa kwenye pakiti ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo. A4 ni sehemu ya 16 ya mita ya mraba, kwa hiyo A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5. Basi, hapo ndipo habari ya gramu inapoishia. Haikuambii kama wino utatulia au utasambaa.

Kinachozuia wino ni gundi. Kiwandani karatasi hutiwa wanga, utomvu wa msonobari au kemikali, ili nyuzi zake zisinywe maji haraka. Yenye gundi ya kutosha huacha wino ukae juu na kukaukia pale pale ulipowekwa. Isiyo na gundi huunyonya wino kama tambi za jiko la mchina zinavyonyonya mafuta ya taa. Karatasi ya kukaushia wino ni nene kuliko ya fotokopi, na inakunywa kila tone kwa sababu gundi haimo. Unene si kinga. Karatasi iitwayo Tomoe River, ya Japani, ina gramu 52, ukiiinua kwenye mwanga unaona vidole vyako nyuma yake, na wino haupenyi.

Hatua ya 1: Amua kalamu na wino kabla ya karatasi

Nibu, yaani ncha ya kalamu, iwe ya F, ile nyembamba. Wino wa buluu-nyeusi. Nibu za M (ya kati) na B (pana) zinamwaga wino mwingi, na karatasi nyingi za madukani kwetu haziwezi kuubeba.

Wino wa buluu unaofutika kwa maji usiuguse kwa barua ya posa. Barua ile itapita mikono sita au saba, mingine ina jasho. Wino wenye chuma na tanini, kama Pelikan 4001 ya buluu-nyeusi, hausambai sana hata kwenye karatasi dhaifu, na ukishakauka tone la maji haliuondoi wote. Sharti lake ni moja: usiuache ukaukie ndani ya kalamu. Osha kalamu kwa maji ukimaliza barua.

Hatua ya 2: Dukani, nunua mbili mbili

Mwombe muuzaji akuuzie karatasi mbili mbili za kila aina. Wengi hukubali, hasa maduka yanayochapa vyeti na kadi, kwa kuwa wana pakiti zilizofunguliwa.

Acha karatasi zinazong'aa za picha. Acha pia zile za printa ya wino zilizotengenezwa zinyonye haraka. Ndizo zilizomponza mpwa wangu. Karatasi za pamba ni nzuri mkononi, lakini nyingine hutengenezwa kwa ajili ya mashine za kuchapa kwa kugandamiza, na hizo ni laini mno kwa nibu. Zile zenye mistari midogo unayoisikia ukipitisha ukucha, kama Conqueror ya laid, zina heshima yake, ila nibu nyembamba sana hujikwaa kwenye mistari hiyo. Mimi huchagua karatasi yenye uso sawa, rangi ya maziwa, gramu 90 hadi 100. Nyeupe ya fotokopi inaumiza macho na inaifanya barua ifanane na tangazo la ofisi.

Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Ulaya, mwagize bloku ya barua ya Clairefontaine. Ni kiwanda cha Ufaransa kilichoanza 1858, na karatasi yao ya gramu 90 ndiyo ninayopimia nyingine zote.

Hatua ya 3: Jaribu karatasi, kisha jaribu mkono wako

Hapa usiharakishe. Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoteza Jumamosi nzima.

Anza na maji. Chovya ncha ya kijiti, weka tone dogo kwenye kona ya karatasi, hesabu hadi thelathini. Tone likibaki limetuna kama umande juu ya jani la mgomba, gundi imo. Likitanda na kuacha doa la kijivu, weka karatasi hiyo pembeni. Rudia upande wa pili, kwa kuwa pande mbili za karatasi moja hazilingani kila mara. Uliokuwa bora uwekee alama ya penseli.

Kisha andika. Sentensi tatu kwa mwendo wako wa kawaida, duara kumi zilizofuatana, halafu mistari iliyokatizana mpaka pawe pamelowa. Usiishie kuandika jina lako na kusema inafaa; jina ni mkato wa haraka na wino ni kidogo. Tazama kingo za herufi kwa karibu. Geuza uone kama kuna vidoa vilivyopenya. Kivuli cha maandishi kuonekana kwa nyuma si kosa, maana barua ya heshima huandikwa upande mmoja. Kidoa kilichopenya ni kosa.

Acha karatasi hiyo mezani usiku kucha, kesho urudie. Sisi wa Tanga, na wenzetu wa Mombasa na Unguja, tunaishi na hewa yenye maji. Karatasi huivuta hewa hiyo, nyuzi zinalegea, na iliyofaulu jana dukani kwenye kiyoyozi inaweza kusambaza wino leo nyumbani. Ndiyo maana karatasi zangu hukaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwenye kabati la juu mbali na ukuta, na hutoa ninazohitaji tu.

Sasa mkono. Niliwahi kumwandikia rafiki yangu aliyeko Muscat barua ya kurasa nne, kwenye karatasi nzuri kabisa. Juu ya ukurasa wino ulitiririka vizuri. Nikifika theluthi ya chini, kalamu inaruka: herufi "m" inatoka na miguu miwili, "a" inakosa mgongo. Nikaosha kalamu. Nikabadili wino. Nikaosha tena kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikabadili nibu, nikaanza ukurasa upya mara tano. Juu safi, chini inaruka. Jioni nikaigeuza karatasi moja kichwa chini na kuandika pale ambapo kiganja changu kilikuwa hakijafika. Hakuna herufi iliyoruka.

Ilikuwa mafuta ya nazi. Nilikuwa nimejipaka baada ya kuoga, na kiganja kilikuwa kinayapaka kwenye karatasi mstari kwa mstari, mbele ya nibu. Karatasi yenye gundi nyingi haiyanyonyi mafuta, yanabaki juu, na wino wa maji haushiki juu ya mafuta. Kadiri karatasi inavyokuwa bora ndivyo inavyoonyesha tatizo hili zaidi. Kwa hiyo usiilaumu kalamu kabla hujajua inarukia wapi. Ikiruka tangu mstari wa kwanza, tatizo ni nibu. Ikiruka chini tu, ni mkono.

Dawa yake: osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, na weka karatasi nyingine safi chini ya kiganja muda wote. Ibadilishe kila ukurasa. Usitumie plastiki, inatoa jasho. Usitumie tishu, vumbi lake linaingia kwenye nibu. Poda pia hapana, kwa sababu hiyo hiyo. Na usijaribu kufuta mafuta kwa kifutio: kinachubua uso, gundi inaondoka, na wino utasambaa pale pale ulipofuta. Ukurasa ulioguswa, anza mwingine. Karatasi ishikwe pembeni tangu inapotoka mfukoni.

Mpwa wangu ana mikono ya fundi gereji. Tulimwosha mara mbili.

Hatua ya 4: Mistari

Piga mistari myeusi kwenye karatasi nyingine, iweke chini ya ile ya barua, ufuate kivuli chake.

Hatua ya 5: Kukausha, kukunja, bahasha

Karatasi inayozuia wino hukausha taratibu. Usiikunje kabla ya dakika kumi. Hewa ikiwa nzito, nusu saa. Ukiwa na karatasi ya kukaushia, igandamize bila kuisugua.

Kukunja, fuata mkondo wa nyuzi. Pinda karatasi ya majaribio kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande unaopinda kwa urahisi ndio utakaotoa mkunjo safi. Mkunjo wa kwanza ukiwa kinyume na nyuzi, karatasi nene hupasuka mgongoni.

Bahasha nayo ijaribiwe. Nyingi ni za karatasi dhaifu kuliko barua iliyomo, na jina la baba mkwe likisambaa juu ya bahasha ndilo litakaloonekana kwanza. Tulipata karatasi nzuri duka la tatu, ya gramu 100, ile ambayo ofisi huchapia barua zao rasmi, lakini bahasha zinazolingana nayo hazikuwepo. Tukatengeneza wenyewe kwa karatasi ile ile, tukagundisha kwa gundi ya unga. Nunua karatasi mara nne ya unazohitaji: barua ya mpwa wangu ni ukurasa mmoja, na iliyofika kwa wakwe ilikuwa ya nne.