Kabla ya kupeleka mbwa wako Lubumbashi, mpimishe damu kwanza huku huku Bulaya

Bandugu munaoishi Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani na pengine, kama munapanga likizo ya Lubumbashi na munataka kwenda na mbwa ao paka, someni hii yote juu kuna kitu kimoja watu hawakuambiage, na ni hicho njo kitabakisha mbwa wako kule. Kwenda si shida. Shida ni kurudi.

Kitu chenyewe ni kipimo cha damu. Nasema kipimo, sisemi vaksini. Wanatoa damu wanaangalia kama vaksini ya kichaa cha mbwa imeshika kweli mwilini, na matokeo yanatakiwa kufika 0.5 uniti ya kimataifa kwa mililita moja ao kupita pale. Iko ndani ya sheria ya Umoja wa Ulaya, na inahusu mbwa na paka wanaotoka ku nchi ambazo hazimo ku liste yao. Kongo haimo. Sasa sikia vizuri: mbwa wako akikanyaga Kongo hata wiki moja tu, siku ya kurudi hawamuhesabu tena kama mbwa wa Liège ao wa Lille, wanamuhesabu mbwa anayetoka Kongo, hata kama alizaliwa huku, hata kama pasipoti yake ya bluu imejaa mihuri.

Angalia sasa vile mutego umekaa. Ukimpimisha damu kabla ya kutoka Ulaya, na matokeo yakiwa mazuri, veterineri anayaandika ndani ya pasipoti, unaenda, unarudi, hakuna wa kukungojesha. Ukimpimisha ukiwa umeshafika kule, unangoja miezi 3 kuanzia siku damu ilitolewa. Mbwa ni yule yule, damu ni ile ile, vaksini ni ile ile, lakini tarehe njo inakuchinja. Tena damu haitolewi kesho yake ya vaksini, lazima zipite siku 30. Kwa hiyo ukitaka kusafiri mwezi wa saba, mambo haya unayaanza mwezi wa tatu ao wa nne, si wiki ya kufunga valizi.

Sisi veterineri wetu wa huku, mtu wa diploma na tuliyemwamini, alituambia vaksini inatosha. Kampuni ya ndege nayo iliangalia pasipoti, ikasema sawa, ikachukua makuta ya kaji (kizimba cha kumubebea), tukaondoka. Siku ya kurudi, pale kaunta ya Luano, kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, dada mumoja wa sauti ya upole alichukua ile pasipoti, akawa anapitisha kidole ku kila ukurasa, chipu ya chini ya ngozi, vaksini, vaksini ingine, mpaka akafika ku ukurasa wa kipimo cha damu. Mweupe kabisa. Akaigeuza upande wangu nione mwenyewe, akasema, "Mama, pole, huyu hapandi." Valizi zilikuwa zimeshaingia, watoto wanaanza shule juma ile, na mbwa eko mule ndani ya kaji anatikisa mkia juu alizania tunaenda nyumbani. Mbwa alirudi mtaani Bel-Air mu gari ya mdogo wangu, na watoto walilia mpaka Addis.

Yule dada simulaumu hata kidogo, alituokoa. Kama angemuacha apande, sheria inawapa wale wa Zaventem, kiwanja cha ndege cha Brussels, njia tatu: kumurudisha alikotoka, kumufungia chini ya ulinzi wao mpaka muda utimie, na ikishindikana yote mawili, kumuua. Na malipo ni ya mwenye mbwa. Rudia kusoma hiyo sentensi.

Na kubaki kwake kule si kwamba sasa ni kungoja tu. Kutoa damu Lubumbashi si kazi, tuko na maveterineri, tuko na fakilte nzima ya veterineri ku UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Kazi ni kwamba damu inatakiwa kuchunguzwa ndani ya labo iliyokubaliwa na Ulaya, kama Onderstepoort kule karibu na Pretoria, ao Nancy Ufaransa, na ifike ikiwa bado baridi, na munajua joto la Lushi, ni kusema Lubumbashi, la mwezi wa kumi, na munajua umeme wetu. Tena wakati wa kungoja, tarehe ya vaksini isipite. Ikipita hata siku moja, kipimo kinakufa, unaanza upya: vaksini, siku 30, damu, miezi 3. Mimi nilibandika tarehe ile ku frigo ya mama na kwa simu ya kila mutu mule nyumbani.

Kisha, na hapa wengi wanaanguka, usizanie mdogo wako atamupandisha ndege wewe umekaa huku unangoja. Mbwa anasafiri na mwenyewe, ao na mutu uliyemupa ruhusa kwa maandishi, lakini hata hapo wewe mwenyewe unatakiwa uwe umesafiri ndani ya siku 5, mbele ao nyuma ya mbwa. Kinyume cha hapo wanamuhesabu kama biashara, na sheria za biashara ni zingine na ni ngumu kupita hizi. Kwa hiyo nililipa tiketi ingine kwenda kumuchukua. Na safari ile pasipoti ya bluu peke yake haikutosha, juu kipimo kilifanyika kule, ilibidi cheti cha afya ku modeli ya Ulaya, kisainiwe na veterineri wa serikali, na kuanzia siku alisaini usipitishe siku 10 bila kufika.

Sasa familia. Tonto wangu, mutu mwenye ninaheshimu sana, aliniambia weka kitu kidogo ndani ya pasipoti itapita. Wazee wetu, tunawapenda, lakini hiyo isameheni. Hata mutu wa Luano akifunga macho, yule wa Zaventem hajakula kitu, na karatasi yenye harufu ya uongo inakuharibia hata wewe na karte yako ya kukaa. Mwengine akasema, mbwa ni mbwa, mwache hapa alinde parseli, ununue mwengine huko. Mbwa amelelewa na watoto tangu anaingia mu kiganja, haachwi vile. Na ukimwacha kwa muda kama sisi, waambieni wazi na murudie: asitoke usiku kuzunguka na mbwa wa barabara, asipewe mifupa ya kuku, akipewa bukari na ndakala si mbaya lakini si kila siku. Na akiumwa na mbwa mwengine ao akiuma mutoto, wasingoje. Kidonda kinaoshwa na maji mengi na sabuni dakika 15, kisha ospitali siku ile ile, juu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna dawa itakayomurudisha mutu. Njo maana, hata nilivyoumia, siwezi kusema hawa wazungu wanaogopa bure.

Lakini kuna kitu kinanikaa moyoni. Hapa Ubelgiji mbwa anapanda treni, anaingia kafe, jirani yangu mzee anazungumza na wake asubui mpaka usiku juu watoto wake wanakuja Noeli tu. Watu wema, wanasimama barabarani kusalimia mbwa wangu kwa jina, mimi hawajui ninaitwa nani. Na ku ofisi zao, hakuna mutu wa kukusikiliza uso kwa uso, ni ukurasa umejazwa ao haukujazwa, basi. Mbwa akikamilisha karatasi zake anapita. Mama yangu alikamilisha zake zote, akaomba viza ya kuja kuona wajukuu, wakamunyima. Nawapenda watu wa hapa na ninaishi nao vizuri, ila hili silikubali na nitalisema kila mahali.

Wale mwenye mbwa wenu eko kule tangu mwanzo na munataka kumuleta mara ya kwanza, mutego wenu ni mwengine: chipu inaingia mbele ya vaksini. Chipu kwanza! Vaksini iliyochomwa mbele ya chipu kwao haiko, hata kama uko na karte yenye muhuri. Chipu iwe ya kanuni ya kimataifa ya ISO, ile yenye tarakimu 15, na mbwa awe na wiki 12 ndipo achomwe. Ukijumlisha wiki hizo 12, siku 30 na miezi 3, utaona kitoto cha mbwa hakiwezi kufika Ulaya mbele ya karibu miezi 7, kwa hiyo usiwaahidi watoto kwa Noeli.

Kuingia Kongo ni mambo munajua: cheti cha afya, vaksini, watu wa karantini pale Luano, muhuri. Wengine watakuambia pitia Ndola, Zambia, tiketi ni rahisi, lakini ukivuka mupaka wa Kasumbalesa mbwa ameingia nchi ingine na inataka kibali chake, omba mapema ao acha.

Kaji: asimame, ajigeuze, alale bila kubanwa, mlango wa chuma, na mzoeshe kulalamo nyumbani wiki kazaa mbele ya safari. Maji ya kugandisha ndani ya bakuli yanayeyuka polepole hayamwagiki wakati wa kupakia. Dawa ya usingizi hapana, IATA yenyewe, shirika la kampuni za ndege, haiishauri, kule juu inaweza kumusumbua kupumua. Mbwa wa pua fupi, kama bulldog na pug, kampuni nyingi hazimuweki mu sute (chini kwenye mizigo), uliza kwa maandishi mbele ya kulipa. Na mwezi wa sita na wa saba ni bora kwa mnyama kuliko wa kumi, Lushi kunakuwa baridi.

Mwenye anaishi Uingereza aongeze dawa ya minyoo inayotolewa na veterineri kati ya saa 24 na 120 mbele ya kuingia. Wa Marekani, tangu mwezi wa nane 2024 mbwa lazima awe na miezi 6, chipu na fomu ya CDC, shirika lao la afya, na Kongo iko ku liste yao ya nchi za hatari ya kichaa, kwa hiyo kuna mengine juu yake, yasome yote.

Na tafazali, kasuku hapana. Kila mwaka kuna shangazi anataka kukupa kasuku wa kijivu kama zawadi, anasema ni ndege tu. Yule tangu 2017 eko ku liste ya kwanza ya CITES, mapatano ya dunia juu ya biashara ya wanyama wa pori, kwa ngambo wanamukamata na wewe pamoja. Nyani vile vile.

Ukifika Zaventem usipite mlango wa kijani na kaji yako hata kama hakuna mutu anakuangalia. Pita mwekundu, waite duane (watu wa forodha) wasome chipu na waangalie pasipoti, na kama mulifanya kipimo mbele ya kutoka, fungua wewe mwenyewe ku ule ukurasa na uwaonyeshe tarehe.