Somo: kupaka rangi pia ya mbao (kile kichezeo cha kuzungusha) kwa lakiri (utomvu wa wadudu unaolainika kwa joto), mtindo wa Channapatna

Channapatna ni mji wa Karnataka, India, njiani ukitoka Bengaluru kwenda Mysuru, na midoli yao ya mbao inasifika tangu enzi za Tipu Sultan, mtawala wa Mysuru karne ya 18. Kinachonifurahisha mimi ni rangi zao, maana hawatumii brashi kabisa.

1. Mbao. Wao wanatumia aale mara, mti mweupe, laini. Iache ikauke miezi kadhaa kivulini, hapa usiwe na haraka jamani, mbao mbichi ikija kukauka inapasuka na rangi inabanduka yote.

2. Funga kwenye keezo (mashine inayozungusha mbao), kereza umbo la pia, yaani lichonge kwa patasi likizunguka, piga msasa mpaka iteleze.

3. Lakiri. Ipashe kwenye makaa ikilainika changanya rangi, bizari ya manjano kwa njano, nili kwa bluu, halafu iwe unaikanda na kuivuta, kuikanda na kuivuta mpaka rangi ikolee sawasawa kote, ndo unaiviringisha iwe kijiti.

4. Keezo likizunguka kandamiza kijiti kwenye pia. Ule msuguano wenyewe unatoa joto, lakiri inayeyuka na kushika, kwahiyo hiyo pia yenyewe haihitaji moto. Ukigusa juujuu haishiki, ukikandamiza sana sehemu moja inakaa mabonge, we tembeza mkono taratibu.

5. Bado inazunguka, bana na jani kavu la mkadi. Linasambaza lakiri na kung'arisha, utapenda!

MASWALI

Lakiri ni plastiki?
Hapana ndugu, ni utomvu wa wadudu wadogo wanaoganda kwenye matawi ya miti, unakwanguliwa na kusafishwa.

Sina keezo la umeme je?
Zamani walizungusha kwa upinde na kamba, mkono mmoja unavuta mwingine unashika patasi, inawezekana ila tafuta mtu akusaidie kuvuta ili wewe ubaki na kijiti.

Mwanangu anatia kila kitu mdomoni, ni salama?
Lakiri na rangi za mimea ndo sababu wazazi wengi wanaipenda hii midoli dada. Ila wapo wanaotumia rangi za kiwandani, kwahiyo ukinunua muulize fundi katumia rangi gani, na kwa mtoto mdogo epuka vipande vinavyoweza kumezeka hata kama rangi ni safi.